Kimya ya Maestro Osée

Kama unaoa, Maestro Osée iko na muziki ya classique ya kukushauri. Kama unazika, iko nayo. Kama mutoto yako amepata diplome, kama umefungua farmasi, kama mukubwa ya serikali anakuja kukata ruban ku daraja yenye haijaisha, Maestro atatoa mu mufuko ya shati karatasi moja yenye alitia mu plastiki, ataipanguza na kiganja, na atakuuliza na ile sauti ya munganga: "Feti yenu iko ya namna gani?" Kisha atakuandikia namba. Namba tatu kwa kuingiza bibi-arusi. Namba saba kwa kukata keki. Namba tisa kwa maiti, lakini kama maiti alikuwaka na gari, namba kumi na moja.

Na kwa bote, bazima na benye bamekufa, Kumi na Mbili.

Minye niko mu korali yake. Naimba alto, mustari ya nyuma, karibu na ukuta, fasi yenye hakuna muntu anaangalia. Sisemake mingi. Ku masomo bananiita Ukuta. Haina shida. Ukuta inasikia bintu mingi.

Niseme kwanza ukweli, nyuma nicheke: Kumi na Mbili ni wimbo muzuri. Ni ya Kilatini, sauti ine, ya muzungu moja ya zamani sana, na inaimbwa bila bafle ya kupaza sauti, bila gitare, bila ngoma. Sauti za basi ndio zinaanza, chini kabisa, polepole. Kama umekaa Mulongwe, hapa Uvira, utanielewa: sawa vile mutoni inaingia mu nyumba usiku, bila kelele, unashituka tu kitanda inaelea. Ila hii maji haikuogopeshe. Inakubeba. Unafika page ya tatu unaona kama ukinyoosha mukono utagusa mabati.

Sasa nyuma ya page ya tatu inakuya page ya tano.

Ndiyo. Ya tano.

Ilikuwa mafuriko ya mwaka 2020. Makaratasi yote ya korali ilikuwa mu kisanduku, kwa Papa Nzeyimana, maestro wa zamani, mwenye alikuwa aliandika kila wimbo na mukono yake, noti za d-r-m, namba ya page juu ndani ya kiduara. Maji iliingia ikachukua kisanduku ikaitupa kwa jirani. Tulianika karatasi ku kamba ya manguo, na bipingo bya kubania, sawa bilauzi. Nyingi zilipona. Page ya ine ya Kumi na Mbili haikupona. Papa Nzeyimana mwenyewe alikufa mwaka ile ile, ya ugonjwa, si ya maji, na fimbo ya korali ikaanguka mu mikono ya Maestro Osée.

Nasema fimbo, lakini yake ni antene ya radio. Ya kweli, ile ya kuvuta. Tukiimba chini anaifupisha, tukiimba kwa nguvu anaivuta yote mpaka inachoma muntu ya mustari ya mbele mu jicho.

Maestro Osée anafundisha mathématiques ku secondaire. Nataka muweke hiyo mu kichwa. Muntu yenye analipwa kwa kuhesabu aliona moja, mbili, tatu, tano, sita. Alifikiri siku tatu. Ya ine akakuya ku répétition, mazoezi yetu, uso inangaa sawa muntu yenye ameota ndoto ya mbinguni, akasema:

"Page ya ine haikupotea. Page ya ine ni kimya! Compositeur, mwenye alitunga wimbo, aliiacha wazi, ili siye tufikiri."

Mama Geneviève, soprano ya zamani, alicheka mpaka akashika kiti. "Osée," akasema, "minye niliimba ile page miaka kumi na moja. Nilikuwa naimba nini, hewa?"

"Mama, ulikuwa unaharibu," Maestro akajibu.

Mama Geneviève akabeba sakoshi yake akaenda. Mpaka leo anauzisha ndagala ku soko na hakurudi. Bengine ba zamani, wamoja walihamia Kamanyola, bengine Bujumbura. Tukabakia siye batoto, benye hatukujua kitu, na kimya yetu.

Kimya inakuwa hivi. Tunamaliza page ya tatu. Maestro anainua antene, anafunga macho, midomo yake inahesabu mpaka makumi tatu na mbili. Mara ya kwanza bantu balizani courant ya umeme imekatika. Mara ya pili muntu moja alitoa telefone akapiga foto, ju hakuna mwenye alikuwa anatikisika. Kisha hapo ikakuwa desturi ya muji. Mu kimya njo bibi-arusi anapakwa tena rouge ku midomo. Mu kimya njo bashangazi banapiga bigelegele. Ku matanga, mu kimya njo bajane banaanguka chini, ju banajua wako na sekonde makumi tatu na mbili za kuanguka vizuri. Bantu banaambiana ku soko: "Mutie ile ya kimya, foto zinatoka safi." Hivi njo Uvira inapenda muziki ya classique. Inapenda fasi yenye muziki haiko.

Nami nilikuwa nacheka tu, ndani, mpaka dada yangu mukubwa, Ya Sabine, akaposwa.

Mama yetu, Mama Mapendo, alikuwa alto ya Papa Nzeyimana. Miaka tatu imepita, mwaka ile ya mafuriko, balimupasua uvimbe ya shingo, goitre, na sauti yake ikabaki kule ku meza ya munganga. Sasa ananongona. Ukiwa mu chumba ingine haumusikie. Unasikia tu sawa muntu anakunja gazeti. Na page ya ine, mwenye anaianza ni alto, peke yake, bila muntu wa kumusaidia. Ilikuwa Mama. Mpaka ku arusi yake mwenyewe aliianza yeye, na veli ku kichwa, ju hakukuwa alto ingine. Papa yetu alikuwa mu mustari ya basi, na koti ya kuazima. Tunajua hii hadisi sawa vile tunajua Baba Yetu.

Basi, siku moja tuko tunachambua ndagala, kutoa mawe, Mama akanongona: "Sabine. Mu arusi yako sitaki kitu. Kitenge mutanipa yenye mutaona. Keki, sijue rangi gani, fanyeni. Lakini Kumi na Mbili baiimbe na page yake ya ine."

Ya Sabine akasema: "Mama, ile page haiko."

Mama akaamuka, akavuta valize chini ya kitanda, akatoa cahier, daftari ya zamani ya alto. Maji haikufika kule, kitanda yetu iko juu ya matofali. Page ya ine ilikuwa ndani, mustari ya alto peke yake, na herufi ndogo pembeni kuonyesha bengine banaingilia wapi: S ya soprano, halafu T ya tenor, halafu B ya basi.

"Iko," Mama akasema.

Ya Sabine aliangalia cahier sawa bamemuonyesha kiatu cha muntu ingine. "Mama, ile kimya njo yenye nataka. Rémy, muchumba yangu, ameisha patana na muntu ya foto. Mu kimya njo batalipua moshi."

"Moshi gani?"

"Moshi ya rangi ya rose, Mama. Inatoka mu mikebe. Banafanyaka Bujumbura."

"Tunaoza mutoto ao tunakausha samaki?"

"Mama, weye hauelewe bintu bya sasa."

Muntu mwenye ananongona hashindi mabishano. Ukipiga tu kisu ku sahani umemushinda. Mama akanigeukia minye. "Belyse. Weye iko mu korali. Utamuambia Maestro."

Ilinichukua jumamosi tatu. Jumamosi ya kwanza nilienda na cahier mu sakoshi, nikarudi na cahier mu sakoshi. Ya pili niliitoa, nikaikalia. Ya tatu Mama aliniuliza ku mulango: "Amesema nini?" na niliona kama nitasema uongo tena, basi nitakufa. Kisha répétition nikasimama mbele ya Maestro, nikanyoosha cahier, macho ku viatu vyake. Viatu vya ncha.

"Nini hii?"

"Page ya ine."

"Ah, Ukuta anasema!" tenor moja akapiga kelele. "Bandugu, ukuta umepasuka!"

Bakacheka bote. Maestro akasoma, na niliona alisoma mpaka mwisho, midomo yake ilifuata noti moja moja. Alijua. Nataka hiyo nayo muiweke mu kichwa. Alijua ya kama ni ya kweli. Kisha akafunga cahier.

"Nani aliandika hii?"

"Mama. Papa Nzeyimana alimuandikisha."

"Mama yako alikuwa anaimba. Sasa haimbi. Mutoto yangu, muziki ya classique haiko mboga ya sombe, kusema kila mama anaongeza chumvi yake." Akageukia korali, ju Maestro hawezi kusema kitu kwa muntu moja. "Na nikitia hii page, kimya itakaa wapi? Niliieleza ku radio! Na bale bote tuliimbia kimya, twende kubaambia nini? Kwamba ndoa zao hazijaisha kufungwa?"

"Ya yaya, mukubwa yangu, ilikwisha mwezi wa tatu," tenor akasema.

"Weye nyamaza. Jambo limekwisha. Kimya itabakia."

Nikarudi nyumbani. Nikamuambia Mama. Nilitaka akasirike. Angekasirika ningefurahi. Alisema tu "Sawa," akarudisha cahier mu valize, akafunga kifungio ya kushoto, akafunga na ya kuume, yenye hatufungake ju imekuwa na kutu. Alisukuma mpaka ikaingia. Halafu akaenda kupika.

Njo hapo niliacha kucheka.

Arusi ilikuwa mu salle moja ya feti pembeni ya ziwa, na biti bya plastiki bya kukalia byenye bamefunga mashuka meupe na bitambaa bya rose, sawa bagonjwa bamevaa cravate ku shingo. Mama na Papa balikuwa ku meza kubwa mbele. Papa alikuwa na koti yake mwenyewe safari hii. Toka Mama apoteze sauti, naye aliachaka kuimba. Hakusema kwa nini, na hakuna mwenye alimuuliza. Mama Geneviève alikuwa ku meza ya nyuma, karibu na jikoni, ju ni yeye alileta samaki.

Maestro alikuwa amevaa nœud papillon, tai ya kipepeo. Alishika micro, akatoa karatasi yake ya plastiki, akaanza kushauri bantu benye bana njaa.

"Mabibi na mabwana, kwa feti ya heshima ninawapendekezea kila mara muziki ya classique. Muziki ya classique inafungua roho. Inafungua akili."

"Ifungue na sahani!" muzee moja akasema.

"Na sasa, wimbo yenye mote munaingoja. Musikilize hasa kimya yake."

Tukaanza. Sauti za basi, polepole. Maji ikapanda. Hata mu ile salle ya bitambaa, hata na Maestro na antene yake, wimbo ilikuwa muzuri, na hiyo njo inaniuzi zaidi: kitu muzuri hakichague mikono. Tulifika mwisho ya page ya tatu. Tukanyamaza. Antene ikapanda juu, macho ikafungwa, midomo ikaanza: moja, mbili.

Niliangalia Mama. Kila muntu alikuwa anatoa telefone. Mama alikuwa ameweka mikono juu ya meza, na kidole kimoja kilikuwa kinapiga. Polepole. Moja, mbili, tatu, ine. Alikuwa anahesabu nafasi yake ya kuingia.

Muntu ya foto akatoa ishara, na moshi ikalipuka.

Rémy alikuwa aliambiwa mikebe mbili inatosha. Alinunua sita. Ilitoka rose, nene, ikapanda ku meza kubwa, ikapanda ku bibi-arusi, ikafika kwetu. Sikuona tena Maestro. Sikuona mukono yangu. Na nikafikiri: kama minye sione muntu, hakuna muntu ananiona. Ukuta ndani ya moshi.

Nikaimba.

Sauti yangu si kubwa. Ilitoka na vumbi kidogo. Lakini salle ilikuwa kimya, ile kimya yao ya foto, na alto ikaenda peke yake, noti ine za kupanda, moja ya kushuka, sawa vile cahier inasema. Nilisikia muntu anakohoa. Nilisikia Ya Sabine: "Ni nani huyo? Ni nani?" Nilisikia mukebe ya moshi inazunguka chini. Nikafika ku ile herufi S, na nikajua hakuna soprano mu korali mwenye anajua kitu, na nitabaki peke yangu, na nitakufa kwa haya.

Mama Geneviève akaingia. Kule nyuma, karibu na jikoni, na sauti ya muntu mwenye anaita bakiriya tangu saa kumi na moja ya asubui. Mbaya, kubwa, na palepale fasi yake. Alinikamata sawa muntu anakamata mutoto mu barabara.

Halafu T. Tenor. Tenor ilikuwa Papa Nzeyimana.

Hakuna muntu aliingia. Sauti mbili zetu zilinyamaza, ju page inasema alto na soprano bangoje, na tenor apite katikati. Tulimungoja. Mapigo ine, nane. Moshi ilianza kufunguka kidogo, na niliona Mama amegeuza kichwa upande wa kushoto, kule maestro wa zamani alikuwa anasimama, na kidole yake haikuacha kupiga. Ile ilikuwa kimya. Maestro Osée amefanya yake zaidi ya mara mia, na hajafanyaka hata moja ya kweli.

Halafu Papa. Aliingia ku B bila kusimama, amekaa mu kiti yake, mudomo wazi, na sauti yenye haikutumika miaka tatu. Ilikwaruza. Ilishuka chini kuliko noti yenyewe. Nayo ikabeba siye bote mpaka mwisho ya page, na pale korali, kwa mara ya kwanza bila kuonyeshwa na antene, ikaingia page ya tano, sawa muntu anaingia kwake.

Moshi ikaisha. Maestro alikuwa bado amesimama, lakini antene ilikuwa imeingia yote mu mukono yake, fupi sawa kalamu. Aliniangalia. Aliangalia bantu. Bantu balianza kupiga makofi, na niliona ile mathématiques inapita mu uso yake. Akachukua micro.

"Mabibi na mabwana! Kisha recherche na utafiti ya miaka mingi, korali yetu leo imewapatia, kwa mara ya kwanza mu Uvira, page ya ine!"

"Ya kwanza!" Mama Geneviève akasema kule nyuma. "Huyu muntu anakula nini?"

Bakacheka, lakini balipiga makofi tena, kwa Maestro. Aliinama mara tatu. Tenor ile ya kelele akaninongonezea: "Ukuta, ulikuwa ni weye?" Nikamuambia hapana.

Ya Sabine hakunisemesha siku mbili. Foto zilitoka rose tupu. Moja tu inaonyesha kitu: Papa, mudomo wazi, macho yamefungwa, na pembeni yake mukono ya Mama, kidole juu. Mama aliitia ku ukuta. Sabine alisema foto ya arusi yenye haina bibi-arusi haiko foto ya arusi. Mama akanongona: "Arusi yako njo yenye haiko mule. Arusi yangu, minye na Papa yenu, inaonekana vizuri."

Nilingojea aniambie kitu. Siku ya tatu tulikuwa tunaanika manguo, akashika bipingo mu meno, akavitoa.

"Ku noti ya tatu ulichelewa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na haukupumua fasi yake."

"Ndiyo."

Akarudisha bipingo mu meno. Halafu akavitoa tena. "Leta cahier. Nitakuambia tenor. Nzeyimana aliimba karibu na sikio yangu zaidi ya miaka makumi mbili, nitaisahau namna gani?"

Hakuweza kuiimba. Aliitaja, herufi moja moja, na kidole inapiga ku meza, minye naandika. So, so, la, so. Kisha tukafanya soprano kwa Mama Geneviève, kati ya bakiriya wake, na Papa akatupatia sauti ya basi kupitia mulango ya chumba, ju alikuwa anaona haya. Sasa page iko nzima, sauti ine.

Maestro alisikia. Siku hizi karatasi yake ya plastiki iko na mustari mupya: Kumi na Mbili ya kimya, na Kumi na Mbili ya page ya ine. Anashauri zote mbili na sura ile ile. Familia tano zimekuya kisha arusi yetu, na zote tano zimechagua kimya, ju ya foto. Sawa. Kama weye naye uko na feti na unaniuliza minye, chukua kimya, haiombi masikio. Ya page ya ine tutaiimbia mwenye atakuya kusikiliza.

Jumamosi iliyopita Maestro aliniita mbele, bote banaangalia, akanyoosha mukono. "Belyse, mutoto yangu, leta ile page nikopie. Niambie tu, niitie wapi mu dossier ya nyimbo?"

Niliangalia viatu vyake vya ncha. Halafu nikainua macho.

"Maestro," nikasema, "ine inakuya nyuma ya tatu."